Kurudi na wanafunzi kutoka Nairobi: siku ya mwisho iendeshwe hivi

Mwalimu mwenzangu unayewapeleka vijana Nairobi, siku ya kurudi Arusha usiipangie makumbusho wala maduka. Ya kuona yaishe jana yake.

Pasipoti na hati za dharura huwa nazikusanya usiku, kabla hawajalala, nazipanga kwa mfuatano wa rejista, na kila moja naichomekea kadi ya homa ya manjano. Asubuhi kijana atakumbuka chaja ya simu kuliko pasipoti. Mabegi nayo yakaguliwe usiku huohuo: mifuko ya plastiki itupwe. Kenya iliipiga marufuku 2017, sisi 2019, kwa hiyo hakuna upande utakaokuonea huruma. Nguo chafu zifungwe kwenye khanga.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Saa hizo magari mengi yanaingia mjini, ninyi mnatoka.

Mkishapita Kitengela, anza kazi yenyewe. Tathmini ya safari ifanyike upande wa Kenya, kwa sababu wakivuka Namanga akili zote ziko nyumbani. Usiulize “mmejifunza nini?” Utajibiwa “mengi, mwalimu”, basi. Uliza kitu chenye jibu. Mimi hutumia mifupa ya Kijana wa Turkana, mtu wa kale wa Kenya, iliyogunduliwa 1984, ambayo habari zake wanazikuta Makumbusho ya Taifa pale Nairobi: je, yeye na Zinjanthropus wetu wa Olduvai, aliyepatikana 1959, nani wa zamani zaidi? Basi zima hubishana mpaka Isinya. (Ni wetu, na vijana hushangilia kama wamefunga goli.) Wabishane kwanza, kisha waandike nusu ukurasa mkisimama Kajiado kunywa chai. Ndani ya basi mwandiko hausomeki.

Hapohapo Kajiado sarafu za Kenya ziishe kwa maji na mandazi, maana maduka ya kubadilisha fedha hayazitaki. Noti zibadilishwe dukani, kwa risiti. Wale vijana wanaokukimbilia dirishani Namanga na mabunda mkononi, wapungie mkono tu.

Namanga ni kituo cha pamoja: mkitoka Kenya, mnagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia katika jengo la upande wa Tanzania. Washushe wanane wanane. Mwalimu mmoja atangulie dirishani na orodha na barua za ruhusa za wazazi, mwingine abaki mlangoni mwa basi akihesabu. Dereva ana karatasi zake za gari, usimtegemee kwa lolote hapo.

Wazazi wapigie mkifika Longido, si mpakani, kwa kuwa foleni ya Namanga haitabiriki. Kutoka Longido unaweza kuwatajia saa ya kweli. Mpigie mwenyekiti wao peke yake, atawatangazia wengine, na umwambie wazi kwamba pasipoti utamkabidhi mzazi mwenyewe, kwa saini.