Jinsi ya Kumjua Mshauri Nasaha Kabla ya Kumfungulia Moyo

Kabla hujamweleza mshauri nasaha yaliyokusibu, muulize alisomea wapi, kwa kiwango gani, na kama amesajiliwa. Nchini Kenya swali hilo la mwisho lina uzito wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Asiye na la kuficha atakuonyesha leseni yake.

Cheti peke yake, hata hivyo, hakikuambii atakavyofanya kazi nawe, na hapa ndipo ningekusihi utulie zaidi. Anayefuata njia ya mwanasaikolojia Carl Rogers atakusikiliza bila kukuhukumu, akiamini kwamba ndani yako mna uwezo wa kujitafutia njia. Anayetumia tiba ya fikra, iliyoasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck katika miaka ya 1960, huenda akakupa daftari uandike: “Mume wangu hakupokea simu, nikawaza ameniacha, moyo ukaanza kunienda mbio,” kisha mkapima pamoja ushahidi wa wazo hilo. Muulize kwa nini anaona njia yake inakufaa.

Muulize pia ni nani anayemsimamia kitaalamu, maana mshauri naye huhitaji jicho la pili, na ni wakati gani atalazimika kuitoa siri yako, kwa mfano maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Ada na muda wa kikao mkubaliane mapema. Akikuahidi kupona hata kabla hajakusikiliza, tafuta mwingine.