Kuupeleka ukoo mzima kwenye bustani ya burudani pamoja na watoto wadogo

Anayepanga safari ya ukoo kwenda kwenye bustani kubwa ya burudani, yaani babu na bibi, wajomba, mashangazi, wazazi na watoto wao, kwa kawaida huanza kwa kuwagawa watu kwa nyumba zao: nyumba ya kaka mkubwa huku, nyumba ya dada mdogo kule. Mgawanyo huo unafaa kwa vyumba vya kulala, lakini ukishavuka lango la bustani haufai tena. Humo ndani kinachoamua nani aende wapi ni kimo cha mtoto, kwa sababu michezo mingi ya kupanda, kama treni za kasi, humtaka abiria awe na urefu fulani, na familia isiyolijua hilo mapema hulijulia mbele ya ufito wa kupimia, baada ya kusimama kwenye foleni kwa dakika 40.

Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu. Mpwa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka minne na nusu, alisimama chini ya ufito huo akiwa amenyanyua visigino ndani ya viatu vyake vyekundu. Mhudumu akamwomba kwa upole akanyage chini, na upana wa vidole viwili ukabaki kati ya utosi wake na ule ufito. Binamu zake watatu walikuwa wamekwisha kupita. Hakulia kwa sauti. Aliushika mkono wa bibi yake, akainamisha kichwa, na machozi yakamdondokea juu ya viatu. Kosa halikuwa la mhudumu wala la mtoto, bali letu sisi watu wazima tuliomwahidi jambo kwa wiki kadhaa bila kumpima.

Basi kazi ya kwanza, kabla hata ya kukata tiketi, ni kumpima kila mtoto. Mvalishe viatu atakavyovaa siku hiyo, mwambie asimame wima na kuegemea ukuta, weka kitabu chenye jalada gumu utosini mwake, kisha andika sentimita zake kwenye karatasi moja pamoja na za wenzake wote. Karatasi hiyo ilinganishe na masharti yaliyomo kwenye tovuti ya bustani mnayokwenda. Viwango vinavyokutwa mara nyingi ni sentimita 97, 102, 112 na 122, ila visomwe mchezo kwa mchezo, kwa kuwa jina moja si sharti moja: treni ya kasi iitwayo Space Mountain iliyoko bustani za Walt Disney World, Florida, humtaka mtoto awe na sentimita 112, ilhali ile ya Disneyland, California, hutosheka na 102. Masharti haya hayakuwekwa ili kuwanyima watoto raha. Kizuizi kinachomshika abiria kitini kimeundwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto aliye mdogo kuliko hapo anaweza kuchomoka chombo kinapokata kona au kusimama ghafla. Kwa sababu hiyo, kumjazia mtoto vitambaa viatuni ili aongezeke urefu, jambo ambalo baadhi ya wazazi hulifanya, ni kuhatarisha uhai wake.

Mkiwa na karatasi hiyo mkononi, ligawanyeni kundi kwa kimo. Watoto wasiofikia kiwango chochote watakuwa kundi moja, wanaovuka viwango vya chini kundi la pili, na wakubwa wasiozuiwa popote kundi la tatu. Kila kundi lipewe watu wazima wake, na wasiwe lazima wazazi wa watoto hao, kwani mjomba asiye na mtoto mara nyingi ndiye mwenye hamu ya kupanda treni ya kasi pamoja na wapwa zake wakubwa, huku mama wa mtoto mkubwa akifurahi kukaa na wale wadogo. Makundi yapangwe upya baada ya chakula cha mchana, ili mtu asishinde siku nzima akisukuma kigari. Hapa nawasihi wanaopanga safari wawafikirie wazee. Babu na bibi hawakufunga safari ili wawe walinzi wa mabegi, na wengi wao hawatasema wamechoka mpaka miguu iwe imevimba. Waulizeni waziwazi wangependa kuona nini, mkiandike kwenye ratiba kama mlivyoandika matakwa ya watoto, na mkodi kiti cha magurudumu kwa mzee ambaye nyumbani hutembea vizuri tu, kwa maana siku moja ya bustani hizi inaweza kumtembeza mtu kilomita kumi au zaidi.

Ipo pia huduma ambayo familia nyingi huikosa kwa kutoiulizia tu. Katika bustani nyingi kubwa, zikiwemo za kampuni za Disney na Universal, watu wazima wawili walio na mtoto asiyeruhusiwa kupanda hawalazimiki kupanga foleni mara mbili. Mmoja hupanda huku mwenzake akibaki na mtoto, kisha hubadilishana, na huyu wa pili hapitii foleni ndefu upya. Mjulisheni mhudumu wa mlangoni kabla ya kuingia kwenye foleni, mkiwa na mtoto mwenyewe pale pale.

Uchaguzi wa bustani nao ufuate karatasi ile ile ya vimo. Ikiwa watoto wengi wa ukoo hawajafika sentimita 100, itafuteni bustani yenye michezo mingi isiyo na kiwango, hata kama haina treni za kutisha zinazosifiwa na wakubwa. Legoland ya Billund nchini Denmark, iliyofunguliwa mwaka 1968, na nyingine zilizoifuata zimekusudiwa hasa watoto wa miaka 2 hadi 12. Magic Kingdom ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina michezo kama ule wa tembo Dumbo na safari ya mashua ya “it's a small world”, ambayo hata mtoto wa kubebwa huruhusiwa akiwa na mzazi wake. Angalieni vilevile umri wa tiketi, maana unatofautiana: Walt Disney World mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huingia bila tiketi, na akifikisha miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima, wakati Tokyo Disneyland mtoto wa miaka 3 bado huingia bure. Siku ya kuzaliwa inayoangukia katikati ya mwezi wa safari yaweza kubadilisha hesabu yenu.

Habari ya fedha izungumzwe mapema, tena na watu wote kwa pamoja, kwa sababu ndiyo inayovunja udugu baada ya safari. Tenganisheni gharama za wote, kama malazi, usafiri na vyakula vya pamoja, na gharama za kila nyumba, kama tiketi na zawadi. Kila mtoto apewe kiasi sawa cha kununulia vitu vya kuchezea, hata kama yupo shangazi mwenye uwezo wa kumnunulia wake zaidi. Tofauti hiyo watoto huiona kabla ya watu wazima.

Siku yenyewe hupatikana au hupotea asubuhi. Chombo kinachobeba watu 1,000 kwa saa hubeba hao hao 1,000 asubuhi na adhuhuri. Kinachobadilika ni idadi ya walio mbele yako. Wakiwa 200, utangoja dakika 12, na wakiwa 1,500 utangoja saa moja na nusu, muda ambao hakuna mtoto wa miaka mitatu anayeuvumilia bila kuteseka. Fikeni langoni nusu saa kabla halijafunguliwa, watoto wakiwa wamekwisha kula, na mwanze na ule mchezo mmoja ambao kila kundi linautamani zaidi. Ikifika saa sita mchana, jua likiwa kali na foleni zikiwa zimejaa, warudisheni wadogo mahali mlipofikia wakaoge na kulala. Wazazi huogopa kwamba wanapoteza tiketi waliyoilipia, nami niliwahi kuwaza hivyo hivyo, lakini mtoto aliyelala kwa muda wa saa mbili mchana huweza kutazama taa na fataki za usiku akiwa na furaha, na asiyelala huzimaliza akipiga kelele begani mwa baba yake. Kabla ya kutoka, ulizeni langoni utaratibu wa kuingia tena.

Ukoo si lazima utembee bega kwa bega kutwa nzima. Watu kumi na watano hawawezi kuamua pamoja hata mahali pa kunywa maji. Wekeni makutano mawili tu, chakula cha mchana au cha jioni na picha ya wote, na mtaje mahali pasipoweza kukosewa pamoja na saa kamili. Meza ya watu wengi iagizwe wiki kadhaa kabla.

Kigari cha mtoto ni muhimu hata kwa mtoto wa miaka mitano ambaye nyumbani amekwisha kukiacha. Kifungeni kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, kwa sababu wahudumu huvihamisha vigari vilivyoegeshwa nje ya michezo, na mtakaporudi mtakuta vigari mia vinavyofanana. Someni masharti ya vigari pia: Disney ya Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 2019 haiingizi vigari vya kuvuta kwa mkono. Kwenye begi wekeni nepi za kutosha, nguo za kubadilisha, maji, kofia, losheni ya kuzuia jua na dawa ambazo mtoto huzitumia.

Kuhusu mtoto kupotea, mpigeni picha kila asubuhi akiwa katika nguo za siku hiyo, kwani mzazi aliyeshikwa na hofu husahau hata rangi ya shati. Andikeni namba ya simu kwa wino usiofutika ndani ya mkono wake, na mwonyesheni mapema, kwa kumpeleka hadi karibu, sare na beji za wahudumu, ili ajue ni nani wa kumwendea. Katika kundi la ukoo hatari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa kila mtu mzima hudhani mtoto yuko kwa mwingine. Mnapoachana, anayemchukua mtoto atamke waziwazi: “Huyu nimemchukua mimi.” Na anayemkabidhi asiondoke kabla ya kuitikiwa.

Hofu za watoto ziheshimiwe. Mtoto anayecheka na mwanasesere nyumbani anaweza kutetemeka akimwona mtu aliyevalia kama mwanasesere yule yule, akiwa na urefu wa mita mbili, na giza la ndani ya chombo humtisha kuliko kasi yake. Mwonyesheni video ya mchezo usiku wa kuamkia siku hiyo, na akikataa akiwa mlangoni, tokeni naye bila kumwonea aibu mbele ya binamu zake.

Kama safari ni ya siku nne au zaidi, siku ya tatu isiwe ya bustani kabisa. Waacheni watoto waamke watakapo, waogelee, na wakae na babu yao bila ratiba yoyote. Jioni ya mwisho kila mtoto achague mchezo mmoja wa kuurudia, akianza aliye mdogo kuliko wote.