Jinsi ya kukagua kidani cha kale chenye picha ya mtu bila kukiharibu

Kabla upigaji picha haujatangazwa mwaka 1839, mtu wa Ulaya aliyetaka kutembea na sura ya mpenzi wake alimlipa mchoraji. Picha ilichorwa ndogo, ikafunikwa kioo, kisha sonara akaifunga kwenye kidani, bruchi, pete au bangili. Vidani hivi bado vinauzwa minadani na kwenye maduka ya vitu vya kale. Vingi vinavyonifikia vimeharibiwa na mtu aliyetaka kuving'arisha tu, ndiyo maana mwongozo huu ni wa kukagua, si wa kusafisha.

Tandika kitambaa laini mezani. Weka taa upande mmoja, brashi laini iliyo kavu, na lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Maji, spiriti na dawa ya kusafishia fedha viondoe kabisa mezani.

Hatua ya 1: Jua picha imechorwa juu ya nini

Hapa usiharakishe, maana ndipo umri wa kidani unapoanza kujulikana. Katika karne ya 16 wachoraji kama Nicholas Hilliard wa Uingereza walichora juu ya ngozi nyembamba ya ndama iliyobandikwa kwenye kadi, mara nyingi karata ya kuchezea. Pembe ya ndovu ilikuja mwanzoni mwa karne ya 18, na Rosalba Carriera wa Venice alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia picha iliyo juu ya pembe ni ya mwaka 1600, mrudishie kidani chake. Aina ya tatu ni enameli, yaani unga wa kioo wenye rangi uliochomwa tanurini juu ya bamba la dhahabu au shaba nyekundu. Jean Petitot wa Geneva aliimudu kuliko wengi katika karne ya 17.

Inamisha kidani polepole chini ya taa. Enameli hung'aa yenyewe, na rangi zake huwa bado kali. Kwenye pembe, uso huonekana kama una mwanga ndani, kwa sababu mchoraji aliiacha pembe tupu ionekane mashavuni na kupitisha rangi nyepesi tu. Sasa weka lenzi. Rangi ya mkono utaiona kama vijistari na nukta zisizolingana, zinazofuata mviringo wa shavu. Nywele zimevutwa uzi mmoja mmoja. Ukiona nukta zilizopangana sawasawa picha nzima, hiyo imechapishwa kwa mashine.

Hatua ya 2: Kagua kioo

Tazama upande wa ndani. Matone madogo kama jasho si lazima yawe maji yaliyoingia: vioo vingine vya zamani vina chumvichumvi nyingi mno, na huzitoa vikikaa kwenye unyevu. Majimaji hayo hula rangi. Usifute, usianike juani. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi michoro akitoe kioo hicho.

Hatua ya 3: Geuza nyuma

Kwangu upande huu ndio wenye maneno mengi. Huenda ukakuta nywele za mhusika zilizosukwa chini ya kioo, au herufi za jina lake. Maandishi "ob." na tarehe yanataja siku aliyofariki, na "aet." umri wake. Enameli nyeusi kuzunguka fremu huwa ni ya msiba. Nyeupe mara nyingi iliwekwa kwa mtoto au aliyefariki kabla ya kuoa au kuolewa. Mchoraji John Smart wa Uingereza, aliyefanya kazi Madras kati ya 1785 na 1795, aliongeza herufi I ya India kwenye sahihi yake.

Usifungue kutafuta sahihi. Kipande cha pembe ni chembamba hata milimita moja hakifiki, na kisu kikiteleza kinapasuka.

Hatua ya 4: Tafuta udanganyifu

Fremu ya vipande vyeupe vilivyobanduliwa kwenye vibao vya piano, ikiwa na picha ya malkia maarufu, kwa kawaida ni nakala ya mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Picha za jicho moja, zilizopendwa Uingereza kuanzia miaka ya 1780, zikague mara mbili: nyingine zimekatwa kutoka kwenye picha ya uso mzima.

Hatua ya 5: Sheria kabla ya bei

Katika karne ya 19, pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo na Zanzibar ziliuzwa Ulaya, India na Marekani. Sisi wa pwani hii hatuwezi kuitazama pembe kama malighafi tu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989 kupitia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Uingereza, sheria iliyoanza kutumika Juni 2022 inaruhusu kuuza picha ndogo za kabla ya 1918 zisizozidi sentimita za mraba 320, zikisajiliwa kwanza. Usivuke mpaka na kidani cha pembe kabla ya kupata vibali.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Kiweke bapa ndani ya kisanduku, mbali na jua, bafu na jiko. Kwenye ngozi na pembe rangi ni ya maji yenye gundi, kwa hiyo tone moja tu likipenya hufuta uso. Manukato jipulize kwanza, yakauke, ndipo ukivae.