SOMO: Kupima floridi kwenye dawa ya meno kwa elektrodi. Someni kabla ya kunitumia ujumbe

Kila wiki kuna mtu hapa Goma ananiandikia eti dawa fulani ya meno ni feki, elektrodi (kijiti kinachopima floridi kwa milivolti) "imekataa", haioni floridi. Naandika mara moja tu.

1. Yeyusha gramu 0.221 za sodiamu floridi katika lita 1: hiyo ni mg 100 kwa lita. Punguza makali kwa maji upate 10 na 1. Vyombo vyote viwe vya plastiki.

2. Kila myeyusho utakaopimwa, changanya nusu kwa nusu na TISAB (maji ya chumvi yanayosawazisha ioni na pH), pH 5 hadi 5.5.

3. Soma milivolti ukianzia myeyusho mwepesi, chora mstari wa milivolti dhidi ya logi ya floridi. Kila mara kumi ya floridi, usomaji ushuke milivolti 54 hadi 60. Nje ya hapo, usipime kitu.

4. Koroga gramu 1 ya dawa katika ml 100 za maji.

5. Hapa ndipo feki za uongo zinapozaliwa. Soma boksi. Likisema monofluorofosfeti, florini imefungwa kwenye fosforasi, na fuwele ya lanthani floridi iliyo kwenye ncha ya elektrodi huona ioni huru tu. Ifungue kwanza: ml 5 za mchanganyiko (tikisa, usiache utuame) na ml 5 za HCl (asidi hidrokloriki) 2 M, yaani moli 2 kwa lita, saa moja kwenye nyuzi 45. Yenye chaki hutoa povu, usifunike mpaka litulie. Baada ya hapo funika, la sivyo floridi hutoroka na mvuke. Ikipoa, ml 10 za NaOH (sodiamu hidroksidi) 1 M, kisha ml 20 za TISAB. Myeyusho ya hatua ya 1 nayo ipite njia hiyohiyo, bila kuruka kitu.

Na haya ndiyo maswali mnayonitumia:

Shefu, yangu inaonyesha milivolti, ppm iko wapi?
Hatua ya 3: mstari ndio unaogeuza milivolti kuwa floridi.

Bekari ya glasi si sawa tu?
Nimeandika plastiki. Asidi na floridi hula glasi.

Mwalimu, mbona asubuhi mstari wangu hulala kidogo?
Umeangalia vizuri, dada. Kwa nadharia ni 59.2 kwenye nyuzi 25, lakini 58.2 kwenye 20, na asubuhi zetu ni baridi. Acha vyote vikae meza moja kwanza. Weka pia kipande cha katoni chini ya bekari, mota ya kikorogeo hupasha moto.

Na maji ya mvua ya paa, upande unaopigwa na moshi wa volkano ya Nyiragongo?
Pima! Moshi ule una hidrojeni floridi, mvua huishusha. Ongeza myeyusho wa mg 0.1 kwa lita kwenye mstari wako. WHO inaweka kikomo mg 1.5 kwa lita.

Yakizidi, tuchemshe?
Hapana. Maji yatapungua, floridi itabaki yote sufuriani.