Vita vya sanamu mezani: jifunze kusogea kwanza, dadu baadae

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kote huku nyanda za juu, nyie mnaoanza huu mchezo wa majeshi ya sanamu ndogo mezani, viumbe wa hadithi kama maelfi, maorki na mbilikimo, pamoja na watu wa farasi, naona maongezi mengi ni ya dadu tu, fulani ana bahati, fulani dadu zimemkataa. Dadu zinakuja mwisho kabisa. Zikishatua mezani mambo mengi yameshaamuliwa na jinsi mlivosogea zamu mbili nyuma, kwaiyo leo naongelea kusogea, na nitakaa hapo hapo mda mrefu kwa sababu ndo roho ya mchezo.

Natumia kanuni za Kings of War toleo la tatu, la mwaka 2019. Warhammer ndo mkongwe, ulitoka Uingereza 1983, ila Kings of War una faida moja kubwa kwetu: askari mmoja mmoja hatolewi mezani, kikosi kizima kinakaa kwenye kitako kimoja na unaandika majeraha pembeni, kwaiyo hata kama sanamu huna unakata boksi gumu unaanza leo. Kikosi cha askari 20 wa miguu wa binadamu kitako chake ni milimita 100 upana kwa 80 kwenda nyuma. Meza ni futi 6 kwa 4, ubao wa plaiwudi juu ya meza ya chakula unatosha. Dadu chukua za ludo, na kupimia chukua futi ya fundi cherehani, ile ina inchi, soko la Mwanjelwa hukosi. Vilima ni vitabu chini ya blanketi, misitu ni vitawi vya misindano ambavyo huku vimejaa kila mahali.

Sasa umbali. Kila kikosi kina kasi, na kikivamia kinakwenda mara mbili ya kasi yake. Askari wa miguu wa binadamu kasi 5, anavamia inchi 10. Mbilikimo kasi 4, inchi 8. Maelfi wa miguu kasi 6, inchi 12. Watu wa farasi kasi 8, inchi 16. Hizi namba zishike kichwani kabla hujajua kitu kingine chochote, na mchezo unakuruhusu kupima mda wowote kwaiyo pima, pima tena, hakuna atakaekunyima. Elfi akisimama inchi 11 mbele ya binadamu, yeye anakufikia na wewe humfikii. Hapo hujarusha dadu hata moja na tayari umepoteza zamu. Basi ukiwa na mwenye kasi simama kwenye hiyo nafasi katikati, zaidi ya anapofika yeye na ndani ya unapofika wewe.

Na kama wewe ndo mzito je? Wengi wanakaa nyuma wanaogopa, wanapigwa mishale mpaka wanaisha. Usikae. Nenda, ila nenda na mpango wa kumjibu. Ukivamiwa na ukabaki hai, adui anarudi nyuma inchi moja alafu zamu inakuwa yako, na yeye amesimama pale pale puani kwako. Kwaiyo mbele weka kikosi kigumu, kile chenye ulinzi mzuri na moyo mkubwa, alafu pembeni yake kushoto na kulia, nyuma kidogo, weka wapigaji wako, vile vikosi vyenye mapigo makali. Adui akimvamia mgumu asipomvunja, yani asipokitoa kikosi mezani, zamu hiyo hiyo, zamu yako unampiga mbele na ubavuni kwa pamoja. Kikosi kigumu bila wapigaji nyuma yake ni zawadi tu unampa mwenzio.

Kwanini nasisitiza ubavu? Tufanye hesabu ndogo. Kikosi chako kina mapigo 12, yani unarusha dadu 12, unapata kwa 4 na kuendelea, unaumiza kwa 4 na kuendelea, maana yake kwa wastani 6 yanapata, 3 yanaumiza. Ubavuni mapigo yanakuwa mara mbili, yani 24, majeraha 6. Mgongoni ni mara tatu, 36, majeraha 9. Sasa tuseme adui anavunjika akifika 15, unarusha dadu mbili unajumlisha na majeraha. Kwa mbele unahitaji 12 kamili, nafasi 1 kati ya 36. Kwa ubavu unahitaji 9, nafasi 10 kati ya 36. Kwa mgongo unahitaji 6 tu, nafasi 26 kati ya 36!! Kikosi ni kile kile, dadu ni zile zile, kilichobadilika ni uliposimama.

Ila ubavu hauupati zamu ile unayovamia, unaupata zamu kabla. Kanuni inaangalia katikati ya mstari wa mbele wa kikosi chako kilipo pale unapoanza kuvamia, kama bado kiko upande wa mbele wa adui basi utampiga mbele hata kama kwa macho unaona kama uko pembeni. Kwenye vitako vya boksi chora mstari kila kona wa nyuzi 45 ili muone wote wawili mbele inaishia wapi na ubavu unaanzia wapi, ugomvi mwingi wa mezani unaisha hapo.

Chambo nacho ni silaha. Chukua kikosi kidogo cha bei rahisi, kiweke mbele ya lile jitu lake kubwa, lakini kiweke kimepinda. Mvamizi lazima ajinyooshe na upande anaoupiga, kwaiyo wewe mwenye chambo ndo unamchagulia ataishia ameangalia wapi. Angalizo hapa, akimaliza kuua chambo anaruhusiwa kujigeuza, na wengi wanasahau hili wanashangaa mtego umekufa. Dawa ni kumtishia kutoka pande mbili, mpigaji mmoja kushoto, mwingine kulia, akimgeukia mmoja anampa ubavu mwingine. Mtego wa upande mmoja mimi siuhesabu kama mtego.

Misitu na vilima msiviache kama mapambo. Watu wa Iringa hili mngelijua kuliko wote, tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe wa Mkwawa walijificha vichakani karibu kabisa na njia, wakaacha msafara wa Wajerumani wa kamanda Zelewski uingie katikati ukiwa kwenye mstari mrefu, ndo wakatokea kwa mikuki. Bunduki inataka umbali na umbali wameshanyimwa, Zelewski mwenyewe alifia pale pale. Mezani ni hivo hivo, ukikutana na jeshi la wapiga mishale usitembee uwanja wazi, pita nyuma ya msitu na kilima asikuone mpaka uwe umefika. Na ukishamgusa, hata kwa kikosi dhaifu, mpiga mishale aliyeumizwa kwa mkono hawezi kupiga zamu yake inayofuata, hiyo peke yake ni faida. Ila kuvamia kwa kukatiza ndani ya msitu kunakupunguzia, waliokuwa wanapata kwa 4 wanapata kwa 5, kwaiyo jifiche nyuma yake, usikatize.

Kupanga mwanzoni: mnaweka kikosi kimoja kimoja kwa zamu, anza na vile ambavyo adui hajali viko wapi, wapigaji wako waweke mwisho ukishaona wake wamekaa wapi. Ukiwa na vikosi vichache usitandaze meza nzima, rundika upande mmoja, ukingo wa meza ukulinde ubavu, wale wake wa upande wa pili watumie zamu tatu kutembea tu. Wachawi na mashujaa sina mengi, waweke nyuma ya vikosi wasaidie, wasitangulie.

Mwisho wa mchezo. Zamu ni 6, alafu inarushwa dadu, 1 mpaka 3 mmemaliza, 4 na kuendelea mnacheza ya 7. Michezo mingi mshindi ni anaeshika alama, yani vitu vya kugombania vilivopangwa mezani, sio aliyeua wengi, kwaiyo kuanzia zamu ya 4 anza kupima nani wako anaweza kufika alama gani, na kikosi kimoja chenye kasi kibaki nje ya ugomvi kabisa hata kama mkono unakuwasha kukiingiza. Zamu ya 6 kiweke juu ya alama, lakini inchi chache nje ya anapofika mvamizi yeyote aliyebaki, maana zamu ya 7 ikitokea atakuja.