Jinsi ninavyozalisha fangasi wa mizizi kwenye viroba

Ukitaja fangasi kwa mkulima anawaza magonjwa ya mimea kama bara jamvi tu, lakini kuna hawa wanaokaa ndani ya mizizi, wanaitwa maikoraiza, wanatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinafika mbali kwenye udongo zinaleta fosforasi na maji, mmea nao unawalisha sukari. Mi nalima nyanya na hoho huku Ilula, Iringa, dukani sinunui, nazalisha mwenyewe.

1. Tafuta sehemu haijalimwa miaka mingi, chimba chini ya nyasi sm 5 mpaka 20, chukua udongo na vijizizi vyake. Shambani kwa nyanya usichukue jamani, utahamisha mnyauko.

2. Chemshia mchanga wa mto kwenye pipa, ukipoa changanya ndoo 4 za mchanga na 1 ya ule udongo. Jaza viroba, toboa chini.

3. Panda mtama, mwagilia kama kawaida miezi 3. Mbolea ya DAP usiguse, ina fosforasi nyingi! Mmea ukishiba fosforasi hauwahitaji fangasi tena, unawafungia mlango. Mara ya kwanza niliona mtama umepauka nikauonea huruma, nikatupia DAP kijiko kimoja kimoja, ukanawiri mpaka majirani wanauliza, alafu kule kitaluni ikawa kama nimeweka mchanga mtupu. Ukipauka sana weka urea kiduchu, basi.

4. Acha kumwagilia siku 10, fangasi wakihisi hali mbaya wanatengeneza spora, ndo mbegu zao. Kata mtama, subiri wiki, mwaga kiroba, mizizi ikatekate na panga iwe vipande kama vya sm 1 urudishie kwenye mchanga wake. Weka kivulini pakavu.

5. Kitaluni changanya kopo 1 la huo mchanga wenye mizizi kwa makopo 9 ya udongo. Kama miche ishakua, weka kiganja kimoja kwenye shimo siku ya kuhamisha, iguse mizizi kabisa, ukimwaga juu juu umepoteza. Dawa za ukungu za kumwagia chini ziache kwanza.

Kabichi, sukuma, chainizi, mchicha, spinachi usihangaike nazo, hazipokei. Kitunguu ndo penyewe, kimizizi chake kichache hakina vinyweleo vya maana.

Na usiwatafute kwa macho, ule weupe kwenye samadi sio wenyewe. Acha trei moja bila kuweka, hiyo ndo ya kulinganishia.