Jinsi ya Kuipima Hoja ya Wafia Dini wa Kwanza

Katika mihadhara ya dini hapa Nairobi, na hata katika jumuiya ndogo ndogo za mitaani, hoja hii haikosi msemaji: mitume walikubali kuuawa, na hakuna afaye kwa ajili ya uongo alioutunga mwenyewe, kwa hiyo walichohubiri, kwamba Yesu alifufuka, ni kweli. Ukitakiwa kuitetea au kuipinga, uliza kwanza kifo hicho kinathibitisha nini.

Kinathibitisha kwamba marehemu aliamini kwa dhati, jambo ambalo si sawa na kuwa sahihi. Mfano hatuuendei mbali: mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na miongoni mwa marehemu wamo waliofunga hadi kufa wakitumaini kukutana na Yesu. Mahujaji wanaotoka Nairobi kwenda Namugongo, Uganda, kila Juni nao wanajua kwamba mwaka 1886 Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja. Moto ule haukuamua ni kanisa lipi lenye mafundisho sahihi.

Pili, tenganisha walioona na waliosimuliwa. Wafia dini wa vizazi vya baadaye, kama Polikarpo wa Smirna na Perpetua wa Karthago, aliyeuawa mwaka 203, walikuwa jasiri kupita kiasi, lakini imani yao waliipokea kwa wengine, na aliyesimuliwa anaweza kukosea bila kudanganya. Uzito wa hoja unawaangukia wachache waliodai kumwona Yesu baada ya kufufuka.

Sasa chukua karatasi uchore safu tatu: jina, chanzo cha habari, na kama angeachiliwa endapo angeikana imani. Yakobo mwana wa Zebedayo anapata sentensi moja tu katika Matendo 12: Herode alimuua kwa upanga. Yakobo ndugu yake Yesu anatajwa na mwanahistoria Myahudi, Josephus, kuwa alipigwa mawe mnamo mwaka 62 kwa shitaka la kuvunja sheria. Mateso ya Petro na Paulo yanadokezwa katika waraka wa Klementi wa Roma, kiongozi wa kanisa la awali, na mwanahistoria Mroma, Tacitus, anaeleza jinsi Kaisari Nero alivyowaua Wakristo baada ya moto wa Roma wa mwaka 64, akiwasingizia kuuwasha. Kwa hao wote safu ya tatu inabaki tupu. (Anayesisitiza kwamba mitume wote waliuawa, mwombe ajaze safu ya pili kwanza.)

Safu ya tatu inajazwa vizuri na Plinio, gavana wa Bithinia, jimbo la Dola ya Roma, aliyemwandikia Kaisari Trajano mnamo mwaka 112 kwamba aliwauliza washtakiwa mara tatu, akawaachilia waliomkana Kristo na kuwaua walioshikilia. Tatizo ni kwamba hao hawakuwa mashuhuda wa ufufuo. Hapo ndipo hoja inapovuja, na watetezi wengi huliruka shimo hilo.

Kwa maoni yangu, mtetezi makini ataacha saa ya kifo na kutazama maisha yaliyoitangulia. Paulo anaorodhesha mwenyewe, katika 2 Wakorintho 11, viboko, mawe na vifungo, na bado akaendelea kuhubiri. Hilo linamdhoofisha sana anayesema kwamba alikuwa tapeli, ingawa halimjibu anayesema kwamba alikosea kwa nia njema. Mjadala ukifikia hapo, waweke wafia dini kando mfungue 1 Wakorintho 15, ambapo Paulo anaorodhesha waliotokewa na Yesu baada ya kufufuka, kwa kuwa swali lililobaki ni hao waliona nini.